Je, Zamani Ina Mwanzo? Historia ya Mjadala na Adabu ya Hoja

Jana ilitanguliwa na juzi, na juzi ikatanguliwa na siku nyingine kabla yake. Tukizidi kurudi nyuma, je, tutafika kwenye siku ya kwanza, ambayo haikutanguliwa na yoyote? Au kila siku tutakayoifikia itakuwa na nyingine nyuma yake, bila kikomo? Mtoto huliuliza swali hili akakemewa na wakubwa wenye shughuli. Wanafalsafa wamelibishania kwa zaidi ya miaka 1,500, na baadhi yao walilipia majibu yao kwa kufukuzwa mjini na kuchomewa vitabu.

Nina sababu mbili za kulileta hapa, katika ukurasa ambao kwa kawaida hujadili katiba, bajeti na utumishi wa umma. Kwanza, wanafunzi wangu wengi huja darasani wakiamini kwamba falsafa ni mali ya Ulaya iliyotufikia kwa meli. Mjadala huu ulipita Iskandaria, Baghdad, Cordoba na Marrakesh kabla haujawasha moto Paris. Pili, unatufunza jambo ambalo sisi tunaotetea mambo hadharani tunalihitaji sana: namna ya kushika unachokiamini kuwa kweli bila kukitetea kwa hoja mbovu.

Iskandaria: mwanafunzi amgeukia mwalimu

Tuanze na Aristotle. Kwake, ulimwengu haukuanza. Wakati ni kipimo cha mwendo, na kila mwendo unahitaji mwendo mwingine kuutangulia. Kwa hiyo hakuna mwendo wa kwanza wala wakati wa kwanza. Tena, kila “sasa” ni mwisho wa wakati uliopita na mwanzo wa wakati ujao. “Sasa” ya kwanza, isiyo na chochote nyuma yake, ni jambo lisilofikirika.

Lakini Aristotle huyohuyo alifundisha kwamba kitu kisicho na ukomo hakiwezi kuwapo kikiwa kimetimia. Unaweza kuugawa mstari, ukagawa tena, na usifike mwisho wa kugawa. Lakini huwezi kukuta vipande visivyo na idadi vimepangwa mbele yako. Kutokuwa na ukomo ni njia isiyokoma, na kamwe si mzigo uliokwisha kufika.

Katika karne ya 6 Mkristo mmoja wa Iskandaria aitwaye John Philoponus, aliyekuwa bingwa wa kuyafafanua maandiko ya Aristotle, aliona kwamba mafundisho haya mawili hayakai nyumba moja. Mwaka 529 aliandika kitabu dhidi ya Proclus, mtetezi mkubwa wa umilele wa ulimwengu, kisha akamgeukia Aristotle mwenyewe. Hoja yake ni rahisi kuifuata. Ikiwa ulimwengu haukuanza, basi miaka isiyo na idadi imekwisha kupita hadi leo. Imepita, imetimia. Basi njia isiyo na ukomo imetembewa yote, jambo ambalo Aristotle alisema haliwezekani.

Akaongeza hesabu ya sayari. Zohali huzunguka mara moja kwa takribani miaka 30. Katika muda huo Mushtarii huzunguka karibu mara tatu, Jua mara 30 na Mwezi mara 360 (tukihesabu kama walivyohesabu wao, dunia ikiwa katikati). Ikiwa mizunguko ya Zohali haina idadi, basi ya Jua ni kutokuwa na idadi mara 30, na ya Mwezi mara 360. Je, kuna kitu kikubwa kuliko kisicho na ukomo? Kesho ikifika, je, idadi hiyo itaongezeka moja?

Zingatia kwamba Philoponus hakunukuu Biblia kumshinda Aristotle. Alimshinda, kama alimshinda, kwa kanuni za Aristotle. Hata hivyo haikumwokoa: zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake, mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 680 na 681 ulimlaani kwa sababu ya mafundisho yake juu ya Utatu. Aliyeutetea mwanzo wa ulimwengu naye hakupona.

Baghdad: tende mbili

Hoja hizi zilifasiriwa kwa Kiarabu zikapata makazi mapya. Al-Kindi, aliyefariki karne ya 9, alizitumia kuonyesha kwamba wakati una mwanzo. Al-Farabi na Ibn Sina wakashika upande wa pili: ulimwengu unamtegemea Mungu katika kila kitu, lakini unamtegemea milele, kama mwanga unavyolitegemea jua. Hapajawahi kuwapo “kabla” ambapo Mungu yuko na ulimwengu haupo.

Mtu aliyeupa ubishi huu ukali wake ni Al-Ghazali. Mwaka 1091 alipewa kiti cha ualimu katika Nizamiyya ya Baghdad, chuo chenye heshima kubwa kuliko vyote vya wakati wake, na mwaka 1095 akakamilisha Tahafut al-Falasifa, yaani mkanganyiko wa wanafalsafa. Alijadili masuala 20, na la kwanza, lililo refu kuliko yote, ni umilele wa ulimwengu.

Alizirudia hesabu za Zohali na Mushtarii, kisha akauliza swali lake maarufu: mizunguko hiyo ni shufwa au witiri? Ukisema shufwa, mmoja ukiongezwa inakuwa witiri. Je, kisicho na ukomo kilipungukiwa na mmoja? Ukisema si shufwa wala witiri, umekana mantiki. Akamtia Ibn Sina kwenye kona nyingine: ninyi mnasema roho za wanadamu hazifi. Basi kama wanadamu wamekuwapo bila mwanzo, leo hii zipo roho zisizo na idadi, zote kwa pamoja. Hapa haiwezekani kujitetea kwamba kilichopita kimepita, kwa sababu roho, kwa maneno yenu, bado zipo.

Wanafalsafa nao walikuwa na silaha yao. Kama ulimwengu ulianza, kwa nini ulianza wakati ule na si kabla au baada yake? Nyakati tupu zote zinafanana. Mungu hangekuwa na sababu ya kuchagua mmoja. Al-Ghazali alijibu kwa mfano ambao mtu wa pwani yetu angeufurahia wakati wa kufuturu. Mtu mwenye njaa ana tende mbili mbele yake, zinazofanana kwa kila hali, naye anaweza kuchukua moja tu. Je, atakufa njaa kwa kukosa sababu ya kuchagua? Atachukua moja. Kazi ya utashi ni hiyo hasa, kutenga kimoja kati ya vinavyofanana.

Kuna sehemu ya kitabu hicho ambayo wasomaji huipita haraka. Katika utangulizi Al-Ghazali anawaonya watetezi wa dini wanaozikana hesabu za wanafalaki kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi. Hesabu hizo, anasema, zimethibitika; anayezipinga kwa jina la dini anaidhuru dini kuliko adui yake. Huyu ni mtu aliyekuwa tayari kutoa hukumu ya ukafiri kwa masuala matatu, likiwamo hili la umilele, na bado alijua kwamba hoja mbovu upande wako ni hasara yako.

Cordoba: kadhi ajibu, kisha afukuzwa

Jibu lilitoka Andalusia, karibu mwaka 1180. Ibn Rushd alikuwa kadhi, tabibu na mfafanuzi wa Aristotle. Kitabu chake aliita Tahafut al-Tahafut, mkanganyiko wa mkanganyiko. Kuhusu tende, alisema Al-Ghazali amekosea swali: mwenye njaa hachagui kati ya tende na tende, anachagua kati ya kula na kutokula, kufanana kwa tende hakuna uzito. Kuhusu sayari, alisema shufwa na witiri ni sifa za idadi iliyokamilika. Mizunguko iliyopita haipo. Haikuwahi kuwapo kwa pamoja hata ikaunda jumla. Kisichokuwa na mwanzo hakina pia jumla ya kulinganishwa na jumla nyingine.

Akafafanua tofauti iliyobaki kuwa msingi wa mjadala wote. Kuna mlolongo wa sababu zinazotegemeana sasa hivi: mkono husukuma fimbo, fimbo husukuma jiwe. Mlolongo huo hauwezi kurudi nyuma bila mwisho, maana asiyekuwapo msukumaji wa kwanza, jiwe halisogei. Na kuna mlolongo wa vitu vinavyofuatana: baba akazaa mwana, mwana akazaa mjukuu. Mjukuu anaweza kuzaa hata babu akiwa kaburini. Mlolongo wa namna hii, kwa maoni yake, unaweza kurudi nyuma bila mwanzo.

Katika kitabu kingine, Fasl al-Maqal, aliijibu ile hukumu ya ukafiri. Mambo ya nadharia ya namna hii, alisema, hayana ijmaa iliyo wazi, na pasipo ijmaa hukumu hiyo haiwezi kuwa ya yakini.

Mwaka 1195 Khalifa al-Mansur wa Almohad, aliyekuwa mlezi wake, alimhamishia Lucena, mji mdogo karibu na Cordoba, na vitabu vya falsafa vikachomwa moto. Ulikuwa mwaka wa vita na Castile, na wanahistoria wengi huona kwamba khalifa alihitaji kuwaridhisha mafakihi. Vita vilipotulia, msomi alirudishwa kwenye hadhi yake, akafariki Marrakesh mwaka 1198. Sioni katika kisa hiki dalili kwamba khalifa alipitia hoja ya mizunguko ya Zohali akaiona dhaifu. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaielewa hali hiyo bila maelezo marefu.

Paris: orodha ya mambo 219

Vitabu vya Ibn Rushd vilifasiriwa kwa Kilatini vikafika Chuo Kikuu cha Paris. Huko Bonaventura, Mfransisko, alisema dhana ya ulimwengu usio na mwanzo ulioumbwa inajipinga yenyewe, na akazirudia hoja za Philoponus na Al-Ghazali. Thomas Aquinas, Mdominiko ambaye Wakatoliki wetu humwita Mtakatifu Thoma wa Akwino, alikataa. Aliamini ulimwengu una mwanzo, lakini alisema tunalijua hilo kwa imani, wala akili haiwezi kulithibitisha.

Jibu lake kwa hoja ya kuitembea njia isiyo na ukomo linastahili kusomwa polepole. Kutembea ni kutoka mahali hadi mahali. Chagua siku yoyote iliyopita, hata ya mbali namna gani: kutoka siku hiyo hadi leo ni idadi ya siku yenye kikomo, na inaweza kupita. Anayedai njia haipitiki anadhania kimyakimya kwamba ipo siku ya mwanzo iliyo umbali usio na ukomo. Lakini asemaye hakuna mwanzo hasemi kwamba ipo siku kama hiyo. Wapinzani hujibu mpaka leo kwamba kupitika kwa kila kipande hakuthibitishi kupitika kwa kitu kizima. Nadhani hapo ndipo kiini cha ubishi kilipo, na mwanafunzi akifika hapo amefika mbali.

Aquinas aliongeza sababu ya kimaadili. Mtu akijaribu kuthibitisha jambo la imani kwa hoja zisizotosha, huwapa wasioamini nafasi ya kucheka, wakidhani tunaamini kwa sababu ya hoja hizo. Ni maneno ya Al-Ghazali kwa sura nyingine.

Mamlaka haikuwa na subira hiyo. Mwaka 1270 Askofu Étienne Tempier wa Paris alilaani mafundisho 13, umilele wa ulimwengu ukiwamo. Tarehe 7 Machi 1277 akatoa orodha ya 219. Aliyeyafundisha, na hata aliyeyasikiliza, alitakiwa kujitokeza ndani ya siku saba la sivyo atengwe na Kanisa. Aquinas alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, lakini baadhi ya mafundisho yaliyolaaniwa yalifanana na yake. Mwaka 1323 Kanisa lilimtangaza mtakatifu, na mwaka 1325 askofu mwingine wa Paris akafuta laana hizo kwa kadiri zilivyomgusa. Ilichukua miaka 48 kwa ofisi moja kujirekebisha.

Kant na Cantor

Mwaka 1781 Immanuel Kant aliziweka hoja mbili ana kwa ana. Upande mmoja wa ukurasa alithibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo, kwa kuwa mfululizo usio na ukomo hauwezi kutimia. Upande wa pili akathibitisha kwamba hauna, kwa kuwa katika wakati mtupu hakuna kitu cha kuufanya uanze. Hukumu yake ni kwamba akili inajikanganya inapoufanya ulimwengu mzima kuwa kitu cha kuchunguzwa, hali sisi huuona kidogo kidogo tu.

Karne moja baadaye, Georg Cantor aliibadili hesabu yenyewe. Galileo alikuwa amegundua, katika kitabu chake cha mwaka 1638, kwamba kila namba ina mraba wake, kwa hiyo miraba ni mingi sawa na namba, ingawa namba nyingi si miraba. Aliona kitendawili. Cantor aliona ndiyo tabia ya seti zisizo na ukomo: sehemu inaweza kulingana na kitu kizima, moja kwa moja. Mizunguko ya Zohali na ya Jua huweza kuoanishwa bila kubaki hata mmoja. Swali la Philoponus, je, kuna kisicho na ukomo kinachozidi kingine, likapata jibu ambalo hakulitarajia: vipo, lakini si hivi.

Je, mjadala ukaisha? La. Hisabati ilionyesha kwamba dhana ya kutokuwa na ukomo haijipingi. Haikuonyesha kwamba ulimwengu unacho kitu cha namna hiyo. David Hilbert, aliyeitetea kazi ya Cantor kwa nguvu zote, alisema katika mhadhara wa Münster mwaka 1925 kwamba kisicho na ukomo hakipatikani popote katika maumbile.

Padri amsihi Papa

Mwaka 1917 Albert Einstein alichora ulimwengu usiobadilika. Padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alionyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianzia katika hali moja iliyosongamana. Wako ambao hawakupenda harufu ya mwanzo. Mwaka 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walileta nadharia ya ulimwengu ulio vilevile siku zote. Mnururisho uliogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson, na kutangazwa mwaka 1965, uliidhoofisha mno. Leo tunahesabu miaka bilioni 13.8 tangu mtanuko huo.

Mwezi Novemba 1951 Papa Pius XII alihutubia wanasayansi akiona katika nadharia hii ushuhuda wa uumbaji. Lemaître, padri wake mwenyewe, hakufurahi. Alishikilia kwamba nadharia yake iko nje ya maswali ya dini: anayeamini na asiyeamini wote wanaweza kuipokea. Alikuwa sahihi. Miaka bilioni 13.8 ni umri wa hali tunayoweza kuifuatilia, na wanafizikia bado hawajakubaliana kama kulikuwa na kitu kabla yake. Uthibitisho wa Borde, Guth na Vilenkin wa mwaka 2003 unasema ulimwengu unaotanuka kwa wastani hauwezi kurudishwa nyuma bila kikomo katika hali hiyo. Hausemi ni nini kilicho mpakani.

Na sisi?

Lugha yetu ina neno kwa ajili ya mjadala huu: azali. Mwanafunzi wa madrasa anayekariri sifa ishirini za Mungu hukutana na sifa ya pili, qidam, kutokuwa na mwanzo, na hufundishwa kwamba ni ya Mungu peke yake. Lakini barabarani “tangu azali” humaanisha tu tangu siku nyingi. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za nadharia yake ya wakati. Ubishi juu yake uliangukia zaidi dai lake kuhusu mustakabali. Mimi nashangazwa zaidi na ile Zamani inayomeza kila kitu, ambamo cha miaka 40 na cha miaka 4,000 huweza kulala kitanda kimoja.

Hapo ndipo siasa huingilia. Tunaambiwa mpaka huu, cheo hiki au desturi hii imekuwapo siku zote. Chunguza, utakuta tarehe na sahihi. Tanganyika ya Gavana Donald Cameron ilipata mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji, na baadhi ya jamii ambazo hazikuwahi kuwa na chifu mmoja zikapewa chifu kwa jina la mila za kale. Hatujui kama ulimwengu una siku ya kwanza. Ofisi zina siku ya kwanza, zote.

Kwa wanaharakati nina neno la ziada. Al-Ghazali, Aquinas na Lemaître waliamini wote kwamba ulimwengu ulianza, na kila mmoja aliwaonya watu wa upande wake wasiitetee imani kwa ushahidi usiotosha. Ukiwa na dai la haki mkononi, kishawishi cha kuongeza takwimu usiyoihakiki ni kikubwa, hasa pale ukumbi mzima unapokupigia makofi. Mpinzani wako atakapoiangusha takwimu hiyo, hatahangaika tena na haki. Atawaambia watu kwamba haki yako ilisimama juu ya takwimu ile. Na hatakuwa amedanganya sana, maana wewe ndiye uliyeisimamisha hapo.